UZI: Kwale wa nyikani, makazi yao na chungu wavamizi: jinsi ya kupanga utafiti wa uzamili usioanguka mbele ya watahini

Nyika_Tambarare (mwanzisha uzi)

Wapenzi wa ndege na wadudu, nimeona mapendekezo mengi ya utafiti yakiletwa hapa yakiwa na swali moja: je, chungu wavamizi wanapunguza kwale kwenye nyika za Nairobi, Kajiado na Laikipia? Swali lenyewe ni zuri na linahitaji majibu ya humu nchini. Kinacholiharibu ni mpango. Mwanafunzi anahesabu kwale penye chungu, anahesabu pasipo na chungu, analinganisha idadi, kisha anaandika hitimisho. Mtahini akiuliza "chungu walifanya nini hasa?" hana la kusema.

Idadi ya kwale wazima ndiyo kitu cha mwisho kupima. Ndege mzima anahama kutoka kichaka hadi kichaka, na walioko leo ni matokeo ya mvua na malisho ya misimu iliyopita. Anayeumia ni kifaranga. Vifaranga wa jamii ya kwale huondoka kiotani saa chache baada ya kuanguliwa na kujitafutia chakula wenyewe. Wiki mbili tatu za kwanza wanategemea wadudu kwa protini, na bado hawawezi kujipasha joto vizuri. Wakikosa wadudu karibu na mama inabidi watembee zaidi. Wakitembea zaidi wanalowa umande, wanapoa, na mwewe anawaona.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kupima, tena kila moja kivyake. Ya kwanza ni chungu kumshambulia kifaranga moja kwa moja, hasa yai linapodonolewa kutoka ndani na ganda kufunguka. Ya pili ni chungu kumaliza wadudu ambao kifaranga angekula. Ya tatu ni chungu kubadilisha mimea, na mimea ndiyo maficho.

Kazi nyingi tunazoziiga zinatoka Marekani. Chungu-moto (Solenopsis invicta) waliingia kutoka Amerika Kusini kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Watafiti wa Texas miaka ya 1990 walitumia chambo cha sumu kuwapunguza, na kwale aina ya bobwhite (Colinus virginianus) wakaongezeka kwenye maeneo yaliyotibiwa. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu kuku-nyika wa Attwater (Tympanuchus cupido attwateri), ndege wa pwani ya Texas aliye karibu kutoweka, ulionyesha kwamba chungu wakipunguzwa, wadudu wanaongezeka na vifaranga wengi zaidi wanavuka wiki za mwanzo. Hiyo ni njia ya pili, ya chakula. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanatazama miiba ya chungu tu.

Sasa huku kwetu mvamizi ni mwingine: chungu kichwa-kikubwa, Pheidole megacephala. Huyu hana mwiba wa kuchoma kama chungu-moto. Anauma kwa meno na kuja kwa wingi. Ukinakili mpango wa Texas neno kwa neno utakuwa unatafuta majeraha ambayo mdudu wako hawezi kuyasababisha. Kwa maoni yangu, huku njia ya pili na ya tatu ndizo za kupewa uzito, na ya kwanza ipimwe kwa kamera chache.

Laikipia tayari kuna mfano wa njia ya tatu. Mgunga wa vinundu (Vachellia drepanolobium, eluai kwa Kimaasai) unalindwa na chungu wenyeji wa jenasi Crematogaster wanaoishi ndani ya vinundu. Chungu kichwa-kikubwa anawaua hao walinzi, ndovu wanauvunja mti bila bughudha, na uwanda unakuwa wazi. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science Januari 2024, uliofanywa katika hifadhi ya Ol Pejeta, ulifuatilia jambo hilo hadi kwa simba: sehemu ya punda milia kati ya mawindo yao ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati. Ikiwa maficho ya simba yanabadilika kiasi hicho, kwale shingo-njano (Pternistis leucoscepus), anayelala juu ya miti na vichaka, naye anastahili kuulizwa swali hilohilo.

Karibuni tujenge.

---

Mdudu_wa_Kasarani

Asante kwa uzi, ndugu. Naomba nianze na chungu, maana wengi wanakosea hapo mapema kabisa.

Usiandike "eneo limevamiwa" kwa sababu umeona chungu wengi wadogo wa kahawia. Kenya ina spishi nyingi za Pheidole za asili, na vibarua wadogo wote wanafanana. Unachohitaji ni askari, yule mwenye kichwa kikubwa. Wa megacephala ana urefu wa milimita 3 hadi 4, kichwa chenye umbo la moyo, na ukimweka chini ya hadubini utaona nusu ya nyuma ya kichwa ni laini inayong'aa huku nusu ya mbele ina mistari. Kiuno kina vinundu viwili, na cha pili kimevimba. Kibarua wake ana takriban milimita 2 tu. Bila askari, andika "Pheidole, spishi haijathibitishwa" na urudi kutafuta.

Chambo: kipande cha karatasi nyeupe ngumu cha sentimita 10 kwa 10, katikati weka tuna ya kopo kiasi cha gramu 2. Weka kadi kila mita 10 kwenye mstari, zikague baada ya dakika 15, 30 na 60. Kadi ya dakika 15 inakuonyesha nani anafika kwanza, ya 60 inakuonyesha nani anatawala. Hizo ni habari mbili tofauti na zote zina faida. Fanya kazi asubuhi au jioni. Jua likishawaka na ardhi ikachomeka chungu hujificha, na utaandika sifuri isiyo ya kweli. Kila unapokagua, pima joto la udongo juu kabisa na uliandike pembeni ya namba ya kadi.

Tuna iliyo kwenye mafuta inasambaa kwenye karatasi na kunasa vibarua. Chukua iliyo kwenye maji, ikamue.

Kingine: malkia wa spishi hii haruki mbali kuanzisha kichuguu kipya. Kundi linagawanyika na kusogea kwa miguu, kwa hiyo mpaka wa uvamizi unasogea polepole, na pale unapourukia mbali ni mtu aliyebeba udongo, miche ya kitalu au vifaa vya ujenzi. Tembea kuanzia majengo, mageti, vitalu na maboma kuelekea nje, weka kadi, hadi uone zinakoishia. Chora mstari huo kwenye ramani kabla hujachagua kiwanja hata kimoja. Na kama uwanja wako ni mbuga ya Nairobi au Kitengela, usianze kwa kudhani kwamba wapo. Kadi ndizo zitasema.

---

MwanaChiromo

Mwalimu Nyika, kuna jambo linanitatiza. Kupata viota halisi vya kwale ni kazi ngumu mno. Je, naweza kutumia mayai ya kware yanayouzwa madukani, nikatengeneza viota bandia hamsini kila upande na kuangalia vipi vinashambuliwa na chungu?

---

Nyika_Tambarare

Kwa swali la chungu, hapana, na sababu yake ni ya moja kwa moja. Chungu kichwa-kikubwa hapenyi ganda zima. Hatari iko kwenye yale masaa ambapo kifaranga ametoboa ganda na bado hajatoka: kuna tundu, kuna unyevu na harufu ya damu, naye hawezi kukimbia. Yai la dukani halifiki hapo kamwe. Utaweka mayai mia, chungu watapita juu yake, utaandika kwamba chungu hawana madhara, na jibu hilo limetokana na yai lako tu. Kiota bandia kinaweza kukuambia habari za nguchiro na kunguru, napo kwa tahadhari, kwa sababu hakina mama wa kukilalia na kukificha.

Ukipata viota halisi hata 15, weka kamera ya mtego kwenye kila kimoja, umbali wa mita 3 au zaidi, chini usawa wa nyasi, na ufute njia yako kwa kupita mbele bila kuishia kiotani. Usikanyage njia inayoelekea moja kwa moja kwenye kiota, maana mbweha ataifuata. Na ukikuta kifaranga aliyekufa amejaa chungu, usiandike "ameuawa na chungu". Chungu hula mizoga. Bila picha zinazoonyesha kilichotangulia, andika tu kwamba chungu walikutwa.

---

Takwimu254

Naongeza hapohapo kuhusu viota. Msigawe "vilivyofaulu" kwa "vilivyopatikana". Kiota kilichoharibiwa siku ya tatu huwezi kukiona, unaona vile vilivyodumu, basi asilimia yako itakuwa juu kuliko ukweli. Kokotoa uwezekano wa kuvuka siku moja, kisha uupandishe kwenye kipeo cha idadi ya siku. Mfano: bobwhite analalia siku 23. Uwezekano wa kila siku ukiwa 0.97, kiota kuvuka siku zote 23 ni takriban 0.50. Ukishuka hadi 0.95, inakuwa takriban 0.31. Tofauti ya asilimia mbili kwa siku inafuta karibu viota viwili kati ya kila vitano ambavyo vingefaulu. Ndiyo maana tarehe ya kila ukaguzi lazima iandikwe, hata kama hakuna kilichobadilika.

---

Mdudu_wa_Kasarani

Tuje kwenye chakula cha vifaranga, kwa sababu hapa ndipo kazi ya uwandani inapovunjika.

Mitego ya shimo kwenye udongo mweusi unaopasuka ina tabia yake. Kiangazi udongo unasinyaa na kuacha ufa kati ya kikombe na ardhi, mdudu anatumbukia kwenye ufa badala ya kikombe. Mvua ikinyesha udongo unavimba na kusukuma kikombe juu, ukingo unasimama kama ukuta. Tumia vikombe viwili kimoja ndani ya kingine: cha nje kinabaki ardhini msimu mzima, cha ndani ndicho unachotoa. Kila unapofika, pitisha kidole kuzunguka ukingo. Ukihisi ngazi yoyote, jaza udongo laini na ubonyeze mpaka ukingo na ardhi viwe sawa. Kipenyo cha sentimita 7 hadi 9 kinatosha.

Ukishachimba, funika kikombe siku kadhaa kabla ya kukifungua. Udongo uliotifuliwa unavuta chungu, na ukifungua siku hiyohiyo utanasa wengi kuliko walivyo kawaida. Fungua kwa siku 3 hadi 5. Ndani weka propileni glaikoli (kimiminika cha kuhifadhi wadudu) iliyochanganywa na maji, na tone la sabuni ya vyombo ili wadudu wazame. Tafadhali sana msitumie ethileni glaikoli, ile ya kwenye rejeta za magari. Ni tamu na inaua mbweha, fisi na mbwa wa wafugaji. Juu weka kipaa kidogo cha bati au plastiki, sentimita 3 kutoka ardhini, kuzuia mvua. Nyani wanang'oa vikombe, kwa hiyo weka vya ziada kwenye hesabu yako ya mwanzo.

Mtego wa shimo peke yake hautoshi, unanasa watembeao chini. Panzi wadogo na viwavi walio kwenye majani wanahitaji wavu wa kufagia wenye kipenyo cha sentimita 38, mipigo 25 kwa kila mstari, umande ukishakauka. Umande ukilowesha wavu, wadudu wadogo wanaganda kwenye kitambaa na unawapoteza.

Halafu usipime uzito wa kila kilichonaswa. Mende mkubwa mmoja anaweza kuzidi uzito wa panzi wadogo thelathini, na kifaranga wa siku nne hawezi kummeza. Tenga kwa urefu: chini ya milimita 2, 2 hadi 10, zaidi ya 10. Kundi la katikati ndilo chakula cha kifaranga. Kausha kwenye tanuri nyuzi 60 kwa saa 48, pima kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.001. Na utoe chungu kichwa-kikubwa wenyewe kwenye uzito huo! Nimeona jedwali ambapo eneo lililovamiwa lilionekana kuwa na wadudu wengi zaidi, na nusu yao walikuwa mvamizi.

---

Dada_Kanga

Kuhesabu ndege: kwanza mtaje spishi kwa jina la kisayansi, maana "kwale" kwa wengi ni kila kitu kuanzia Pternistis hadi Coturnix. Kwale shingo-njano na kanga (Numida meleagris) wanafaa kwa sababu wanakaa eneo moja na wanaonekana. Tomboro (Coturnix delegorguei) hafai kuwa kiashiria chako kikuu: anakuja kwa wingi baada ya mvua na kuondoka, na kupungua kwake kunaweza kumaanisha tu kwamba mvua ilinyesha kwingine.

Kwa mistari ya kutembea, pima umbali wa pembe mraba kutoka kwenye mstari hadi ndege alipoonekana mara ya kwanza, kwa kipima umbali cha leza. Usikadirie kwa macho. Unahitaji angalau makundi 60 hadi 80 yaliyoonekana ili kuunda kipimo cha kuonekana kinachoaminika, yaani jinsi uwezekano wa kumwona ndege unavyopungua kadiri anavyokuwa mbali na mstari. Ukijua hutafikisha idadi hiyo, achana na msongamano (idadi ya ndege kwa eneo) na utumie uwepo na kutokuwepo kwa ziara za kurudiarudia.

Milio ya alfajiri ni bora zaidi kwa kwale. Nairobi jua hutoka kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi mwaka mzima, na kuita kunaanza kabla ya hapo. Mbuga inafungua geti saa 12. Maana yake bila kibali cha kuingia mapema unakosa sehemu yenye thamani kubwa, basi kiombwe kwenye barua ya kwanza kabisa. Au weka virekodi sauti vinavyojiwasha saa 11:30 hadi saa 1:30 asubuhi, vimefungwa mita 2 juu kwenye nguzo ya chuma. Vilivyofungwa chini fisi huvitafuna.

Ukifikiria kumvika ndege redio ya kumfuatilia, uzito wake usizidi asilimia 3 ya uzito wa mwili. Jike la gramu 450 linabeba gramu 13.5. Tomboro wa gramu 75 anabeba gramu 2.25, na betri ya ukubwa huo haidumu. Jike lenye redio ndilo litakaloleta data ya vifaranga. Litafute usiku au alfajiri kabla halijasogea, hesabu vifaranga siku ya 7, 14 na 21. Usilirushe mara kwa mara kwenye mvua: mama akiruka, vifaranga wanabaki bila kufunikwa.

---

Boma_la_Kale

Kuhusu mimea nitasema kwa ufupi. Wengi wanapima urefu wa nyasi na kuishia hapo. Nyasi ya Themeda triandra isiyolishwa muda mrefu ni ndefu na nzuri kwa macho ya mtu aliyesimama, lakini chini kuna majani makavu yaliyolundikana ambayo kifaranga hawezi kupenya. Iliyolishwa kupita kiasi haina kifuniko. Kifaranga anataka mashina yenye nafasi ya udongo mtupu kati yake na majani yaliyokutana juu. Kwa hiyo pima vitu vitatu: kificho kwa nguzo ya Robel (nguzo yenye alama za urefu, unasoma inapozibwa na mimea; macho mita 1 juu ya ardhi, umbali wa mita 4, pande nne), asilimia ya udongo mtupu ndani ya fremu ya sentimita 20 kwa 50, na kina cha majani makavu kwa rula. Piga magoti mnapopima hili la mwisho.

Maboma ya zamani yapewe kundi lao. Mbolea ya mifugo hubadilisha nyasi na wadudu hapo kwa miaka mingi, na ukiyachanganya na nyika ya kawaida yatavuruga kila kitu.

---

MwanaChiromo

Na mpango wenyewe? Nina mpaka mmoja wa uvamizi. Nikiweka vituo 20 ndani na 20 nje, kila mita 100, je, nina sampuli 40?

---

Takwimu254

Una moja. Vituo 20 ndani ya kundi moja la chungu ni vipimo 20 vya uvamizi uleule. Tafuta mipaka 8 hadi 12 iliyo mbalimbali, kila mmoja na jozi yake ya ndani na nje, kisha "eneo" liingie kwenye modeli ya takwimu kama athari nasibu (random effect), ili modeli ijue kwamba vituo vya mpaka mmoja vinafanana. Mipaka 8 yenye vituo 4 kila upande ina nguvu kuliko mpaka mmoja wenye vituo 80.

Tatizo kubwa zaidi ni hili: uvamizi unaanzia kwenye majengo. Palipo na chungu ndipo palipo na mbwa, paka, bomba linalovuja, bustani zinazomwagiliwa, na shamba linalopulizwa dawa ya kiwavijeshi. Kwale wakipungua hapo utawalaumu chungu kwa kosa la mbwa. Dawa yake ni kundi la tatu: maeneo yenye majengo ya aina hiyohiyo lakini bado hayana chungu. Bila kundi hilo sikubali hitimisho lolote.

---

Nyika_Tambarare

Nakubaliana, ila naona njia iliyo safi zaidi ni kuondoa chungu kwa chambo na kutazama kinachotokea, kama walivyofanya Texas. Hidramethilnoni, sumu inayowekwa kwenye chambo cha chungu, ilifanya kazi dhidi ya megacephala kule Kakadu, Australia.

---

Mdudu_wa_Kasarani

Kwa shahada ya uzamili napinga. Chambo hicho ni punje za mahindi zenye mafuta ya soya, chungu wenyeji wanakila vilevile. Ukitibu kiwanja umeondoa mvamizi pamoja na Crematogaster na Pheidole za asili, na mabadiliko ya wadudu hutajua yametokana na yupi. Kakadu walilenga kumfuta mvamizi, hawakuwa wanapima vifaranga. Halafu lazima bidhaa iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu (PCPB), na ndani ya hifadhi unahitaji ruhusa nyingine juu yake. Muda wa uzamili utaishia ofisini. Mtu wa uzamivu mwenye miaka minne anaweza kuanza na vipimo mwaka mzima kabla ya kutibu, na hapo ningemuunga mkono. Akinyunyiza, afanye jioni. Jua linaivunja dawa haraka.

---

Nyika_Tambarare

Nimekubali. Basi kwa uzamili: jozi za ndani na nje, pamoja na kundi la tatu la Takwimu.

Vibali sasa. Barua ya kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), kisha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori ya Naivasha na KWS (shirika la wanyamapori) kwa maeneo ya hifadhi. Kuvika pete na kushika ndege kunahitaji mafunzo, na Makavazi ya Taifa ndipo pa kuanzia. Vielelezo vya chungu viwekwe hapo hapo makavazini ili mwingine avikague baadaye. Sampuli zikitoka nje ya nchi kwa uchunguzi wa vinasaba, NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) nao wana kibali chao. Na nje ya mbuga, ongea na wenye ardhi kabla ya karatasi yoyote. Mbuga ya Nairobi ni kilomita za mraba 117 tu, na upande wa kusini umefunguka kuelekea Athi-Kaputiei, ambako kila kipande kina mwenyewe.

Jambo moja linalotutofautisha na Texas: hatuna mabawa ya ndege waliopigwa na wawindaji ambayo wenzetu hutumia kujua uwiano wa wachanga na wazima. Uwiano huo tutaupata kwa kuhesabu vifaranga tu.

---

MwanaChiromo

Swali la mwisho kwangu. Nitajuaje vifaranga wamekula nini bila kuwaua?

---

Dada_Kanga

Kinyesi: vinasaba vilivyomo vinaonyesha walichokula. Vifaranga wasioweza kuruka hulala chini na mama yao. Jike lenye redio likishaondoka lenyewe asubuhi, nenda mahali lilipolala, okota kinyesi kwa kibano kilichopanguswa kwa spiriti, kila kimoja kwenye kichupa chake chenye ethanoli asilimia 95. Okota mapema kabla chungu hawajafika, maana wakitembea juu yake vinasaba vyao vitaonekana kama chakula. Chukua pia kipande cha udongo wa pembeni kama kidhibiti, yaani sampuli ya kulinganisha. Lebo iwe ya karatasi ngumu, iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.